Kiingilio cha Tsavo

Mwaka jana wazazi wangu walitimiza miaka 30 ya ndoa. Baba ana miaka 58, Mwaitu ana 54, na katika hiyo miaka yote hawajawahi kwenda likizo hata siku moja. Si kwamba hawasafiri. Wamesafiri sana, lakini kila safari ilikuwa na sababu: mazishi, mahari, hospitali, kupeleka mtoto shule na sanduku la bati. Kutoka nyumbani ili tu ukaangalie kitu, ule, ulale, urudi? Hiyo haikuwepo.

Basi sisi watoto watatu tukafungua grupu ya WhatsApp ambayo wao hawamo, tukaanza kuchanga kidogo kidogo kwa M-Pesa, na mimi nikapewa kazi ya kupanga, kwa sababu ati mimi ndiye napenda kusoma-soma. Nikapanga vizuri, sitajificha. Sisi ni watu wa Nunguni, juu kwenye vilima vya Kilungu, kule kwenye baridi na ukungu na mashamba ya matuta. Kutoka huko unashuka hadi barabara ya Mombasa, unafika Emali, na pale Emali kuna treni ya SGR inayosimama kila kituo. Unapanda, unashuka Mtito Andei, na geti la Tsavo Magharibi liko hapo hapo mjini. Gari la kukodi na dereva kwa siku mbili. Usiku mmoja kwenye banda. Chemchemi za Mzima kuona viboko, Ngulia kuona vifaru, mawe meusi ya volkano wanayoyaita Shetani. Kiingilio kinalipwa kwa simu kupitia eCitizen, na raia halipi kama mgeni wa kutoka nje. Mwezi niliochagua ni Agosti, wakati nyasi zimekauka na wanyama wanakuja wenyewe majini.

Nikapiga simu nyumbani, nikaiweka kwa spika, nikawatangazia kama mtu anayetangaza mshindi wa bahati nasibu.

Mwaitu akacheka. Baba akanyamaza, halafu akauliza, "Kuingia ni pesa ngapi?"

"Baba, usijali pesa, tumeshachanga."

"Sijauliza nani analipa. Nauliza kama kuna kulipa."

"Kuna."

"Kwa hivyo mnataka nilipe ili niingie mahali umau wako alifungwa kwa kuingia?"

Umau ni babu. Nilimjua akiwa mzee wa kukaa juani na kutafuna miwa kwa meno machache. Jikoni kwake palining'inia podo kuukuu la ngozi, leusi kwa moshi, na sisi watoto tulikatazwa kuligusa. Kwamba aliwahi kuwinda, nilijua. Kwamba aliwahi kufungwa, miaka ya mwisho ya '50, kwa kukutwa na mishale na nyama upande wa nyika, hilo sikuwahi kusikia. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Simu ikaisha hivyo, na mimi nikabaki na bajeti yangu nzuri ya safu tano.

Nikaanza kusoma.

Ukiandika "Tsavo" kwenye simu yako, kitu cha kwanza utakacholetewa ni simba wawili. Wale wa 1898, waliokula wafanyakazi wa reli pale daraja lilipokuwa likijengwa, mpaka injinia J. H. Patterson akawaua Desemba ya mwaka huo. Ngozi zao ziliuzwa kwa Field Museum, kule Chicago, na ziko huko mpaka leo. Ni hadithi nzuri, filamu zimetengenezwa. Lakini ukisoma hiyo tu utadhani nyika ile haikuwa na watu mpaka reli ilipofika.

Ilikuwa na watu. Wawaata walikuwa huko, wawindaji wa ndovu kwa upinde ambao mtu wa kawaida hawezi hata kuuvuta. Wataita walikuwa vilimani mwao. Na Wakamba walikuwa wakipita na kurudi, kuwinda na kufanya biashara, kwa muda mrefu. Hata jina la Mtito Andei ni Kikamba: ni msitu wa ndei, yaani tai wala mizoga. Mahali hapaitwi hivyo na watu wasiokaa wakatazama angani.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ndiyo iliyounganisha bara na pwani upande huu. Walibeba pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Mkubwa wao anayejulikana zaidi ni Kivoi wa Mwendwa, wa Kitui. Ni Kivoi aliyempokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ambapo Krapf aliuona mlima wenye theluji. Jina aliloandika alilipata kwa Wakamba, Kiinyaa, mlima wenye madoa meusi na meupe kama mbuni. Kutoka hapo likatoka jina la nchi ambayo wewe unalo kwenye kitambulisho chako.

Krapf alirudi 1851. Safari hiyo Kivoi alimchukua kuelekea mto Tana, msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kubebea maji, ikabidi ayajaze kwenye mfuko wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki. Nikisoma hapo nilicheka kidogo. Mgeni wa kwanza wa kuzungushwa katika nyika yetu, na mwenyeji alipoondoka hakujua hata atabeba maji na nini.

Safari, kwa hiyo. Neno lenyewe lilitoka Uarabuni, likakaa pwani, likapanda bara na misafara hii. Kwa watu wa Kivoi halikuwa na maana ya kwenda kutazama wanyama. Lilikuwa kazi: unaondoka na mzigo, unarudi na mzigo mwingine, au hurudi.

Nani aliligeuza? Nadhani unaweza kuweka kidole kwenye mwaka 1909. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika Mombasa mwezi wa Aprili akiwa na miaka 50. Alipanda treni, akakaa mbele kabisa ya injini ili aone vizuri, akashukia Kapiti, uwanda ule unaoupita ukielekea Konza, halafu akaanza kuwinda simba katika shamba la Alfred Pease kule Kitanga, Machakos. Alikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Dunia nzima ilisoma habari zake, na kuanzia hapo kila tajiri wa Ulaya na Marekani alitaka safari yake mwenyewe.

Sheria ilikuwa tayari inawasubiri matajiri hao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka leseni ya uwindaji, na ya mgeni ilifika pauni 50. Ukiwa na pauni 50 na bunduki, wewe ni mwindaji. Ukiwa na mshale uliopakwa sumu iliyochemshwa kwa siku nzima, ufundi uliorithi kwa baba yako, wewe ni jangili. Mnyama ni yule yule. Mwanahistoria Edward Steinhart aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, na jina lake tu linatosha: Black Poachers, White Hunters. Wakamba wamo humo kwa wingi.

Wamo pande zote mbili, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kwa sababu wale wawindaji wazungu hawakujua kufuata nyayo. Walihitaji watu wa kuwafuatia, kuwabebea bunduki, kuchuna, kupika, na mara nyingi sana watu hao walikuwa Wakamba. Ernest Hemingway alipokuja mara ya kwanza, 1933, aliongozwa na Philip Percival, mzungu aliyekuwa na makazi upande wa Machakos, na mbeba bunduki wao alikuwa Mkamba. Hemingway anamwita M'Cola katika Green Hills of Africa. Bila macho ya mzee huyo kile kitabu kingekuwa kifupi sana.

Hemingway alirudi 1953, na safari hiyo ndiyo iliyonishika, kwa sababu nilikuwa napanga ya wazazi wangu. Alikuwa na miaka 54, sawa na Mwaitu sasa. Mkewe Mary alikuwa na 45. Watu wawili wa makamo, wametoka kupumzika. Walipiga kambi chini ya Kilimanjaro, upande wa Kimana na Loitokitok, na wapishi na wafuatiliaji wao wengi walikuwa Wakamba. Huo ulikuwa mwaka wa Hali ya Hatari, Mau Mau ilikuwa imepamba moto na kambi za kizuizini zilikuwa zikijaa. Hemingway alipewa hata cheo cha heshima cha askari wa wanyamapori. Mtu amekuja likizo, na anapewa mamlaka ya kumkamata mwenyeji.

Umau wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Tsavo ilikuwa imeshatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, Aprili 1948. Kubwa kuliko zote Kenya: ukijumlisha Mashariki na Magharibi unapata kama kilomita za mraba 22,000, ikigawanywa katikati na reli na barabara. Walichagua nyika hiyo kwa sehemu kwa sababu ilikuwa kavu na yenye ndorobo, haikufaa kwa shamba la mzungu, na machoni pao haikuwa na mtu. Waliokuwa wakiwinda humo waliamka siku moja wakiwa wahalifu mahali pao pa kazi. Mkuu wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, na wenzake wakaanza kupambana na wawindaji, na mwaka 1956 na 1957 ikafanywa kampeni kubwa iliyowalenga Wawaata na Wakamba hasa. Watu walisakwa mpaka vijijini, mishale na pembe zikachimbuliwa, wengi wakafungwa. Mnamo 1960 ulijaribiwa mpango wa mto Galana wa kuwaruhusu Wawaata wawinde kihalali kwa kipimo, lakini haukudumu.

Nikampigia Baba tena, nikiwa na hizo tarehe mkononi. Nilitaka kumwambia kwamba nimemwelewa. Nilikuwa hata nimeshaamua tuachane na Tsavo, tuwapeleke Mombasa wakae kwa bahari kama watu wengine.

"Umau alikuwa anatafuta nyama tu," Baba akasema. "Njaa ilikuwepo. Unamfunga mtu kwa nyama?"

Hapo Mwaitu, ambaye nilidhani yuko jikoni, akasema kutoka nyuma, "Nyama tu? Na lile shamba la chini lilinunuliwa na nyama?"

Baba hakujibu. Mimi pia nilinyamaza. Shamba la chini ndilo lenye miembe na mikadi ya kahawa aliyouza Baba ili amalize shule. Ndilo lililotoa karo yangu ya kidato cha kwanza. Nyama hailipi shamba. Pembe hulipa.

Sasa hapa ndipo nilipolazimika kusoma upya kila kitu nilichokuwa nimekisoma kwa hasira. Kwa sababu nilikuwa nimejijengea hadithi safi: mzungu mbaya, babu mwema. Lakini misafara ya Kivoi ilikuwa ya pembe. Ndovu hawakuuawa na Roosevelt peke yake, wala Wakamba hawakuwinda kwa njaa peke yake. Walikuwa wafanyabiashara, na wazuri. Soko lilikuwa mbali, Zanzibar na Bombay na London, kwenye vinanda na mipira ya meza za biliadi, na sisi tulikuwa upande mmoja wa mnyororo huo. Sheria ilikuwa ya dhuluma. Ndovu pia walikuwa wanakufa. Hayo mawili hayafutani.

Na baada ya uhuru mambo hayakutulia. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu Tsavo. Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa leseni, kwa hiyo hata wazungu wa bunduki wakaenda nyumbani. Lakini wakaja watu wa aina nyingine, na bunduki za rashasha, na katika miaka kumi iliyofuata waliua ndovu kwa kiwango ambacho hakuna mshale ungeweza kukifikia. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe Nairobi, kamera za dunia zikitazama. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchi nzima, na sehemu kubwa zaidi yao wako huko huko Tsavo. Nikiwa mkweli, wangefunguliwa mlango kila mtu wa umau wangu na kila mteja wake, nisingekuwa na cha kuwaonyesha wazazi wangu Agosti.

Wakati huo wote, ukumbini kwetu Nunguni, juu ya kabati la vikombe, kuna twiga wa mti. Mwaitu alipewa kwenye harusi. Umeshaona twiga kama huyo kila duka la vinyago kutoka Nairobi hadi Diani, na mara nyingi aliyemchonga ni Mkamba. Ufundi huo wa kuuza unaanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaona uchongaji wa huko, akarudi nyumbani akaanza kuchonga na kufundisha. Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji. Wateja walikuwa walewale waliokuja kuwinda, na baadaye walewale waliokuja kupiga picha. Kwa hiyo fikiria: tulikatazwa kumgusa mnyama, tukamchonga, tukamuuza kwa mtu anayeruhusiwa kwenda kumtazama. Na Mwaitu ameishi miaka 30 na twiga kabatini bila kumwona mwenye kutembea.

Yeye ndiye aliyemaliza ubishi. Alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi, kwa sababu yeye ni mtu wa kukuflashia.

"Baba yako ana hasira yake, na ni haki yake," akasema. "Lakini hiyo hasira si ya ndoa yangu. Mimi nataka kuona kiboko. Wewe panga."

Nikapanga. Ila nilibadilisha mambo mawili. La kwanza, nilifuta kifurushi cha kampuni ya utalii niliyokuwa nimeichagua, ile yenye kijana wa kukueleza kila kitu kwenye kipaza sauti. Nikawatafutia gari na dereva tu. La pili, badala ya kupanda treni kwenda, walienda kwa barabara, kwa sababu Baba alitaka apite polepole. Walisimama Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, ambako msafiri yeyote hulishwa bure, na Mwaitu alikula chapati mbili akasema za kwake ni bora. Kibwezi Baba alimwonyesha dereva mashamba yenye uzio wa umeme. Watu wa huko wanalala macho msimu wa mahindi, kwa sababu ndovu hajui mpaka wa 1948. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5. Baba anaijua sheria hiyo kwa kichwa. Jirani wa nyika lazima aijue.

Mimi niliungana nao getini Mtito Andei. Nililipa kiingilio kwa simu, mgongo nikiwa nimewapa, ili Baba asione ni kiasi gani. Alikiona. Hakusema neno.

Mzima ni mahali unaporuhusiwa kushuka garini, mkiwa na askari wa kuwasindikiza. Maji yanatoka chini ya mawe ya volkano, mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa na mwamba, safi mpaka unaona samaki. Askari wetu alikuwa kijana, mpole, na alikuwa ameshaanza maelezo yake alipogundua Baba hamsikilizi. Baba alikuwa ameinama anatazama udongo kando ya njia. Akamwita Mwaitu, akamwonyesha kwa kijiti: huyu amepita alfajiri, huyu jana, huyu alikuwa na mtoto. Alitaja kila mmoja kwa Kikamba. Nzou. Mbusya. Munyambu. Nilikuwa sijui kwamba baba yangu, mwalimu wa hesabu, anajua kusoma nyayo. Ni wazi nani alimfundisha, na ni wazi kwa nini hakuwahi kusema.

Askari akamtazama, akasema, "Mzee, wewe uliwahi kufanya kazi hapa?"

"Mimi hapana," Baba akasema. "Baba yangu ndiye alikuwa anafanya kazi hapa."

Kijana akatikisa kichwa kwa heshima, akauliza kitengo gani. Baba akasema ni zamani sana, kabla ya vitengo. Kisha wakatembea mbele pamoja, wakilinganisha majina ya wanyama, na mimi na Mwaitu tukabaki nyuma. Viboko walikuwa wanane. Aliwahesabu mara mbili.

Akauliza maji yale yanaenda wapi. Nikamwambia yamewekewa bomba tangu miaka ya '50, yanateremka hadi Mombasa. Akafikiria. Huko chini Makueni watu wananunua maji kwa mtungi.

Nyumbani walirudi kwa treni, kupitia Emali. Wiki iliyofuata nilipanda Nunguni kuwapelekea picha. Podo la umau lilikuwa jikoni kwa Mwaitu. Kumbe lilihamia huko tangu mzee afariki, na ndani yake anaweka miko. Baba alitazama picha zote, akachagua moja ya kuchapishwa, ambayo yeye mwenyewe hayumo: ni nyayo tu kwenye udongo mwekundu.

Mwaitu akauliza mwaka huu tumechanga pesa ngapi. Anataka waende Mombasa sasa, aone maji yale yanafikia wapi.